Aliyeachishwa jeshi na mlango wa kurudi

Leo nataka tulizungumze jambo ambalo familia hulinong'ona majumbani na halifiki msikitini. Mama mmoja wa hapa Mombasa alinijia baada ya sala ya Alasiri, mkononi ana nakala ya karatasi iliyotoka Marekani. Mwanawe alijiunga na jeshi la wanamaji la nchi hiyo. Kabla ya kumaliza mkataba alipimwa mkojo, ukakutwa na bangi, akaachishwa kwa utovu wa nidhamu. Sasa anataka kurudi, na rafiki zake wanamshauri aende kituo cha kuandikisha askari katika jimbo jingine, asiseme lolote. "Ustadhi, nimwambie nini?"

(Iwapo yafaa Muislamu kulitumikia jeshi lile ni suala ambalo maulamaa wamelieleza kwa urefu, na si mada yangu leo. Kijana alikwisha kuingia na kutoka.)

Kwanza tuliisoma karatasi yenyewe. Kila askari wa Marekani anayetoka jeshini hupewa hati iitwayo DD 214. Humo huandikwa daraja ya kutoka kwake, sababu, na namba inayoonyesha kama anaweza kuandikishwa tena. Daraja zinazotajwa sana ni 5. Tatu hutolewa na wakuu wa jeshi: kwa heshima, chini ya masharti ya heshima, na chini ya masharti yasiyo ya heshima. Mbili za mwisho hutolewa kwa hukumu ya mahakama ya kijeshi tu. Kijana wetu ameangukia ya pili. Hilo ni la kushukuru, kwani mgeni aliyepata uraia kwa utumishi wake wakati wa vita huweza kunyang'anywa, endapo atatolewa chini ya masharti yasiyo ya heshima kabla ya kutimiza miaka 5 ya utumishi mwema. Mama hakuwa akilijua hilo. Nilimwona akitafuta pa kukaa.

Lakini namba yake ni 4. Mwenye 1 hana kizuizi, mwenye 3 huweza kuombewa ruhusa maalumu, na mwenye 4 amefungiwa mlango.

Njia ya halali ipo, ila ni ndefu. Kuna baraza la kupitia daraja za kutoka jeshini, ambalo hupokea maombi ndani ya miaka 15. Baraza hilo laweza kuipandisha daraja, lakini halina uwezo wa kumrudisha mtu kazini. Juu yake ipo bodi ya raia inayorekebisha kumbukumbu za kijeshi, na hiyo ndiyo yaweza kuibadilisha ile namba. Maombi kwake hupelekwa ndani ya miaka 3 tangu mtu agundue kosa au dhuluma, ingawa bodi huweza kusamehe ucheleweshaji. Mwaka 2014 Waziri wa Ulinzi, Chuck Hagel, aliagiza waliodhurika akili kwa sababu ya vita watazamwe kwa wepesi zaidi. Mwaka 2018 ukatoka mwongozo mwingine unaozitaka bodi zipime pia mwenendo wa mtu baada ya kutoka. Naona huo ni uadilifu. Hata hivyo, mtu akishinda huko kote, jeshi bado halilazimiki kumpokea.

Ama ushauri wa marafiki, huo ni shimo. Alama za vidole na kumbukumbu zake zimehifadhiwa, na kuficha habari ili uandikishwe ni kosa la jinai katika sheria zao za kijeshi. Aliyetoka kwa daraja ya pili aweza kutoka tena kwa ya tatu au mbaya zaidi, na hapo lile la uraia linarudi mezani. Kijana anajitetea kwamba jimbo alilokuwa akiishi limeiruhusu bangi. Jeshi halikuiruhusu, naye alitia saini. Sisi tena tulikwisha kumfundisha habari ya vilevi tangu chuoni.

Nikamkumbusha mama kisa cha Ka'b bin Malik (R.A.). Katika mwaka wa 9 Hijria Mtume (S.A.W.) alitoka kwenda Tabuk, na Ka'b akabaki Madina. Hakuwa mgonjwa wala fukara. Alikuwa na vipando viwili, akawa anasema kesho, kesho, mpaka jeshi likawa mbali. Jeshi liliporejea, watu zaidi ya 80 walileta nyudhuru na viapo, wakakubaliwa kwa dhahiri yao. Ka'b alikuwa msemaji hodari, angeweza kuwashinda wote kwa maneno. Akasema kweli: hakuwa na udhuru. Yeye na wenziwe wawili, Murara na Hilal, wakasuswa siku 50. Binamu yake, Abu Qatada, hakumrudishia salamu. Mfalme wa Ghassan akamwandikia barua ya kumkaribisha kwake, naye akaitia katika tanuri. Kisha toba yao ikateremka.

Silinganishi jeshi na jeshi, Mungu apishe mbali. Ninacholinganisha ni mtu anayesimama mbele ya mkubwa wake akiwa na kosa mkononi na uongo karibu na ulimi.

Na hapa nina neno na wazazi. Nimewaona wa aina mbili. Wako wanaoapa kuwa mtoto alionewa kabla hawajaisoma karatasi, na wako wanaolifuta jina lake katika mazungumzo ya nyumbani. Baba wa kijana huyu ni wa hawa wa pili. Tangu habari zifike hajapokea simu yake. Nilimwomba mama amwambie mwanawe aandike ombi lake kwa kweli tupu, atafute wakili anayezijua bodi hizo, na akikataliwa atafute riziki nyingine, kwani bahari ina kazi nyingi zisizo za bunduki. Kwa baba nilimpa ujumbe mmoja. Ka'b alipoingia msikitini siku ile ya kusamehewa, Talha bin Ubaydullah aliinuka, akamwendea mbio, akampa mkono na kumpongeza. Katika Muhajirina hakuinuka mwingine. Ka'b alilisimulia hilo mpaka uzeeni, akisema hajamsahau Talha.