Pua si Tundu Tu

Wako watu wasemao kuwa hesabu ni adhabu ya darasani, isiyomfaa mgonjwa. Msomaji, usikubali. Ndani ya pua yako mna vifupa vilivyojikunja, vimefunikwa utando laini; ndivyo viipashavyo hewa moto na kuitia unyevu. Zamani wapasuaji wengine walivikata mno, wakidhani kuwa njia pana ndiyo njia bora. Baadhi ya wagonjwa wakabaki na pua wazi kabisa, nao walia kuwa hawapati pumzi. Mwaka 1994 hali hiyo ilipewa jina la pua tupu.

Jicho halioni pumzi ipitapo, hesabu huiona. Kutokana na picha za eksirei, tarakilishi huigawa njia ya hewa katika vyumba vidogo mamilioni, ikakadiria mwendo wa hewa katika kila kimoja kwa kanuni za Navier na Stokes, wataalamu wa karne ya 19. Hivyo daktari aweza kujaribu kisu chake katika mfano kwanza.

Watasema mfano si mtu. Kweli, lakini mfano ulioharibika hutengenezwa upya, na kifupa kilichokatwa hakirudi. Basi adharauye hesabu na ajibu: kisu kikosee wapi, katika picha au usoni pake?