Mwacheni mtoto aende kwa bibi!

Wadau, hivi mtoto wa miaka mitano anatafuta nini twisheni Jumamosi? Mpwa wangu alikuwa akishinda wikiendi kwa wazazi wangu, Mbagala. Mkeka ulikuwa daladala, yeye konda, babu abiria mbishi wa nauli. Siku hizi kaandikishwa twisheni, eti asije akaachwa nyuma. Juzi namwambia tucheze daladala, ananiuliza: "Anko, jibu lake lipi?" Nilinyong'onyea!

Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Tanzania iliuridhia 1991, ibara ya 31 unampa haki ya kupumzika na kucheza. Kwa bibi hakuna anayemsahihisha, anakuwa yeye mwenyewe. Wazazi wenzangu watarajiwa, shule ina siku tano nzima. Hizo mbili mrudishieni mwenyewe, babu na bibi wakiwa bado wapo. Nawasilisha.