Ushuru wa Gari Ukadiriwe Kabla ya Kuchanga

Katika vigango na vikundi vyetu vingi imezoeleka desturi moja: watu huazimia kununua gari, huulizia bei yake huko Japani, kisha huanza kuchanga. Habari ya ushuru huachiwa mtu mmoja "anayeijua bandari". Sisi twaona kwamba hapo ndipo dhuluma inapoingilia, tena kwa mlango tuliouacha wazi wenyewe.

Hesabu yenyewe si siri. Kwa Tanzania Bara, msingi wake ni thamani ya gari pamoja na nauli ya meli na bima hadi bandarini. Juu ya thamani hiyo hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25. Juu ya jumla ya hayo mawili huja ushuru wa bidhaa kwa kadiri ya injini: asilimia 5 ikiwa imezidi sentimita za ujazo 1,000 lakini haizidi 2,000, na asilimia 10 ikiwa kubwa zaidi. Gari dogo la abiria lenye umri wa miaka 8 hadi 10 huongezewa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 asilimia 30. Umri huo huhesabiwa tangu mwaka lilipoundwa. Mwisho, juu ya yote, huja kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Naam, kodi hulipwa juu ya kodi! Tozo nyingine ndogo na ada za usajili twaziacha kando.

Tuchukue gari la miaka 11, injini ya 1,500, lenye thamani ya shilingi 10,000,000 lifikapo Dar es Salaam. Ushuru wa forodha ni 2,500,000. Ushuru wa bidhaa, pamoja na ule wa umri, ni 4,375,000. Kodi ya ongezeko la thamani ni 3,037,500. Jumla ya kodi ni 9,912,500, karibu sawa na gari la pili. Sasa tuchukue gari la aina hiyo hiyo la miaka 7, lenye thamani ya 13,000,000. Kodi zake ni 7,133,750. La kwanza limegharimu 19,912,500, la pili 20,133,750. Kikundi kilichojibana kwa ajili ya "bei nafuu" kimeokoa shilingi 221,250, na kimepata gari lililochakaa.

Wenye uwezo hununua magari mapya na ushuru wa umri hauwagusi. Twaelewa kwamba serikali haitaki nchi ijae magari makuukuu. Lakini mzigo huo humwangukia mnyonge, na humwangukia zaidi asiyeijua hesabu.

Tena, thamani inayotumiwa si lazima iwe ile ya ankara. Mamlaka ya Mapato ina makadirio yake ya magari yaliyotumika, na mtu yeyote aweza kuyatazama katika tovuti yake kwa kutaja aina ya gari, mwaka na injini. Basi anayewaahidi wanakikundi kwamba "atapunguza" ankara anawauzia uongo na kuwaingiza katika kosa la jinai.

Lakini makadirio nayo yaweza kuwa makubwa kupita haki. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 yampa mlipaji siku 30 za kuomba uamuzi upitiwe upya, naye Kamishna ana siku 30 za kujibu. Wachache mno huitumia haki hiyo, kwa kuwa gari likikaa bandarini gharama za uhifadhi huzidi kupanda, na wakala huwahimiza walipe upesi.

Kwa hiyo twawasihi viongozi wa walei: kabla ya shilingi ya kwanza kukusanywa, hesabu iandikwe ubaoni mbele ya wote, ikitaja mwaka wa kuundwa, injini, na makadirio ya Mamlaka. Wakala awe mwenye leseni. Fedha za kodi zilipwe benki, zisipitie mfukoni mwa mtu, na stakabadhi zisomwe mkutanoni.