Moshi mweusi wa matatu, hasara ya nani?

Kila tarehe 14 ya mwezi, madereva wa Majengo husubiri EPRA itangaze bei ya mafuta. Mafuta yenyewe hushushwa Kipevu, ng'ambo ya maji tu, lakini ujirani huo hautuokoi. Julai 2023 VAT ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na Oktoba dizeli ikapita shilingi 200 kwa lita.

Bei hatuiwezi. Tunaloliweza ni upotevu. Injini ya dizeli yenye turbo hutegemea hewa. Filta ikiziba au paipu ya turbo ikipasuka, hewa hupungua, mafuta hayaungui yote, gari hutoa moshi mweusi na kukosa nguvu. Dereva hukanyaga zaidi, na hasara huzidi.

Mbona haitengenezwi? Anayelipia mafuta ni dereva; anayelipia matengenezo ni mwenye gari, ambaye hesabu yake ya jioni haipungui. Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta: paipu ikiachwa, turbo nayo hufa, na hiyo ni ya mwenye gari. Afadhali wakae pamoja, filta na paipu zitolewe kwenye hesabu kabla ya kugawana.