Misafara ya Utafiti Nayo Ilipe Hongo

Kijana wa Ng'ambo, Isevya na Kiloleni, leo tunataka kuzungumza nawe juu ya hongo. Si ile ya trafiki wala ya chini ya meza. Tunasema hongo ya zamani, ushuru ambao misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilimlipa mtemi kabla ya kukanyaga nchi yake. Mtemi Mirambo aliijua thamani ya njia yake. Mwaka 1871 alipokosana na Waarabu wa Tabora, njia ya Ujiji ilifungwa, na hata Stanley na bunduki zake alilazimika kuzungukia kusini.

Misafara haijaisha, ndugu yetu. Kilichobadilika ni mizigo. Pembe za ndovu hazibebwi tena; siku hizi msafara unakuja na madodoso, sindano za kutolea damu na magari ya vioo vyeusi. Unatoka chuo kikuu cha mbali, unajiita "mshirika wa jamii", unaondoka na takwimu. Tunauliza: mwenyeji analipwa nini?

Usituelewe vibaya. Hatuna ugomvi na sayansi. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na wapo wageni waliotuponya kweli. Tazama jirani zetu wa Mwanza. Tangu mwaka 1991 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, AMREF na chuo cha tiba za nchi za joto cha London walichukua jamii 12, wakazipanga jozi sita. Katika kila jozi, jamii moja iliboreshewa matibabu ya magonjwa ya zinaa kwenye zahanati zake, ya pili ikabaki ya kulinganisha. Matokeo yalitangazwa mwaka 1995: penye matibabu bora, maambukizi mapya ya virusi vya ukimwi yalikuwa pungufu kwa asilimia 40 hivi. Dunia nzima ilisoma. Na kumbuka, ni zahanati za kawaida na waganga wa kawaida.

Sasa rudi nyumbani. Mwaka 2006 Mbola, wilayani Uyui, ilifanywa Kijiji cha Milenia. Wenye mradi walikuwa wataalamu wa Earth Institute ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York, chini ya Profesa Jeffrey Sachs, wakishirikiana na Umoja wa Mataifa katika nchi kumi za Afrika. Vilikuja vyandarua, mbolea, mbegu na wahudumu wa afya wa vijiji. Kwa wastani wa vijiji vya mradi, matumizi ya maendeleo yalipanda kutoka dola 27 kwa mtu kwa mwaka hadi dola 116 katika mwaka wa tatu. Kati ya hizo, 25 zilikwenda kwenye afya. Hizo si fedha za kuchezea!

Lakini mradi ulianza bila kuchagua vijiji vya kulinganisha tangu mwanzo. Mei 2012 maprofesa wake waliandika katika jarida la Lancet kwamba vifo vya watoto vilikuwa vikipungua mara tatu zaidi ya kasi ya taifa. Watafiti wengine wakakagua hesabu, wakakuta ulinganisho umekosewa. Dai likaondolewa. Mradi ulifungwa mwaka 2015, na ilipofika 2018 tathmini ya mwisho ilisema hivi: kati ya vipimo 40, vipimo 30 viliupa mradi ushindi, hasa katika kilimo na afya, lakini malengo yaliyofikiwa yalikuwa kama theluthi moja tu. Hata vijiji vya kulinganisha vilichaguliwa mradi ukiwa ukingoni.

Maana yake nini? Mradi ulisaidia, ila kwa kiasi gani ndipo pa ugomvi. Na ugomvi huo ulipiganwa kwa Kiingereza, katika majarida ya Ulaya na Marekani. Mtu aliyestahili kusomewa hesabu hiyo kabla ya profesa yeyote ni mama wa Mbola, ambaye watoto wake ndio waliohesabiwa.

Mkoa huu unaijua gharama ya utaalamu usiouliza. Katika miaka ya 1920 na 1930, kwa sababu ya malale, serikali ya Mwingereza iliwahamisha watu wa Jimbo la Magharibi na kuwakusanya kwenye makazi mapya. Daktari alipanga, bwana shauri akaamuru, mwananchi akabeba kitanda chake kichwani. Huo nao uliitwa afya ya jamii.

Kwa hiyo tunadai hongo. Hatusemi bahasha ya mwenyekiti wa kijiji wala posho ya semina! Tunadai mambo matatu. Kwanza, kabla ya damu ya mtu kutolewa, iandikwe mradi utapimwaje na utalinganishwa na nani. Pili, matokeo, mazuri na mabaya, yasomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Tatu, ijulikane mapema nani atamlipa mhudumu na kununua dawa msafara ukishaondoka. Taasisi ya Taifa ya Utafiti ina kituo hapa hapa Tabora, na vibali viko mikononi mwake. Asiyekubali masharti hayo asipewe kibali.

Sharti la tatu si la mzaha. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, na miradi ya afya ikakatika Afrika nzima. Serikali inayolala kwenye godoro la mfadhili huamkia sakafuni.

Na wewe kijana, hili ni lako. Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano. Hao ndio watakaosimama kati ya mtafiti na mgonjwa. Nenda kwenye mkutano wa mtaa, simamia wachaguliwe hadharani, wasiwe wapwa wa vigogo. Gari la utafiti likiegesha mtaani kwako, usilikimbilie kwa posho wala usilirushie jiwe. Simama njiani kama Mirambo, uliza maswali matatu, na usiondoke mpaka ujibiwe.