Jiko la Mkaa Chumbani

Mwezi Juni na Julai baridi ya Mbinga haina simile. Walio kule chini Mbamba Bay, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, wana nafuu. Wa milimani huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga na dirisha. Nisikilize kabla hujalala.

Mkaa, kama yalivyo makaa ya mawe ya Ngaka, wilayani humo humo, kwa sehemu kubwa ni kaboni. Unapowaka, kaboni hushikana na oksijeni. Hewa ikiwa tele, kila atomu ya kaboni hushika mbili za oksijeni, ikawa kaboni dayoksidi, ile ile tuitoayo tupumuapo. Hewa ikipungua, nyingine hupata moja tu. Asili ni zile zile, lakini mshikano tofauti umezaa kitu kingine: kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu.

Gesi hiyo hunata katika damu mahali pale pale pa kubebea oksijeni, kwa nguvu ipatayo mara 200 zaidi. Mtu huumwa kichwa, hulegea, akaendelea kulala. Kumbe mwili unakosa hewa. Sufuria ya maji juu ya jiko (nami niliiamini zamani) haizuii lolote, kwani gesi hiyo haiyeyuki majini ila kidogo mno. Wala usingoje moshi: mkaa uliokolea, usiotoa moshi, nao huitoa.

Ota moto nje, kisha ingia na blanketi. Ukimkuta mtu amelegea penye jiko, mtoe kwanza kwenye hewa safi, ndipo umkimbize hospitali.