Mpira wa Chakula Si Mlango wa Kaburi

Katika nyumba zetu tunasikia mara nyingi neno hili: "Wakimwekea mpira wa chakula, basi, amekwisha." Mganga wa hospitali anaeleza kwamba mgonjwa hawezi tena kushiba kwa kinywa, inafaa apitishiwe chakula katika mpira, na mara jamaa wanaanza kulia kana kwamba sanduku limekwisha kununuliwa. Wengine wanamrudisha nyumbani. Wanasema: afadhali afe akiwa mtu kamili. Ndugu wasomaji, neno hilo ni la uongo, tena ni uongo unaoua watu. Leo tunataka kulipinga.

Kwanza tuelewe jambo lenyewe. Kuna magonjwa ya njia ya chakula yanayodumu miezi na miaka. Mtoto amekunywa soda kali ya kupikia sabuni, akidhani ni maji. Hakufa, lakini umio wake umeungua, na kovu linaufunga kidogo kidogo, mpaka hata uji haupiti. Mzee ana ugonjwa wa sukari wa siku nyingi. Mfuko wake wa chakula umelegea, hausukumi tena, na kila anachokula anakitapika. Hawa wote wawili wana njaa. Basi kuna mpira mwembamba unaopita puani mpaka tumboni. Huo ni wa siku au majuma machache. Mgonjwa atakayeuhitaji muda mrefu hufanyiwa tundu dogo katika ukuta wa tumbo, na mpira hupita hapo. Kama mfuko wenyewe haufanyi kazi, mpira hufikishwa mbele, katika utumbo mdogo. Si uchawi, wala si mashini ya kumshikilia maiti. Ni njia nyingine ya chakula, basi.

Mnasema aliyewekewa mpira amekwisha? Sikilizeni habari ya mtu mmoja wa Marekani. Mwaka 1895, akiwa mtoto wa miaka 9, alimeza mchuzi wa moto sana. Umio ukaungua, ukafungamana. Waganga wakamfungulia tundu tumboni. Vitabu vyao vinamwita Tom. Alitafuna chakula chake apate utamu wake, kisha akakimimina kwa mpira katika tundu lile. Alikua, akaoa, akafanya kazi ya mikono. Mwaka 1941, yaani miaka 46 baadaye, waganga wa New York walianza kujifunza kazi ya tumbo kwa kumtazama yeye, nao wakatoa kitabu kizima mwaka 1943. Je, mtu huyo alikuwa amekwisha? Na siku zile kutoboa tumbo kulikuwa kazi nzito. Mwaka 1980 waganga Gauderer na Ponsky walitangaza namna ya kuweka mpira bila kupasua tumbo kwa upana. Pasipo vyombo hivyo, upasuaji wa zamani bado unafaa.

Mtatujibu: "Lakini tumeona wengi waliokufa baada ya kuwekewa." Ni kweli, na sisi tumewaona. Wengine wao walikuwa na ugonjwa usioponyeka, kama kansa ya umio. Mpira hulisha, hauponyi kansa. Lakini wengine je? Waliletwa wakiwa ngozi na mifupa, baada ya miezi ya kuzungukazunguka. Mwili uliokonda hivyo hauna nguvu ya kufunga kidonda. Tena aliyekaa siku nyingi bila chakula hawezi kushibishwa mara moja: chumvi za damu yake zinaweza kuvurugika, na moyo ukasimama. Sharti aanze na kidogo, chini ya macho ya waganga. Hao hawakuuawa na mpira, waliuawa na kuchelewa. Wazee walisema vema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Neno la pili tunalolipinga ni hili: "Mgonjwa asiambiwe, ataogopa." Hivyo jamaa wanakutana nje, wanakubali, wanatia sahihi, na mwenye tumbo anaamka na kuona kitu kinaning'inia mwilini mwake. Kisha tunashangaa akiuvuta usiku na kuutupa! Mwili ni wa nani? Mgonjwa mwenye akili zake ndiye wa kuulizwa wa kwanza. Aambiwe mapema, wakati angali na nguvu: mpira utapita wapi, kwa muda gani, ataoga namna gani, atalalaje, atarudi kazini lini, kama ataruhusiwa kuonja kitu. Kama yuko mwenzake anayeishi na mpira, naye akubali, akaonane naye. Saa moja na mtu huyo inaondoa hofu kuliko maneno mengi ya wasiojua.

Neno la tatu: "Kazi hiyo ni ya hospitali, sisi hatuijui." Basi jifunzeni! Mgonjwa hatakaa hospitalini maisha yake yote. Watu wawili wa nyumbani wajifunze kabla hajatoka, ili mmoja akisafiri asibaki na njaa. Na wauguzi wanaomruhusu mtu kwenda zake na mpira bila kuwafundisha jamaa, hawajamaliza kazi yao. Tunawaambia bila kuwaogopa.

Yapo mambo ya kushika. Mikono inawiwe kwa sabuni. Mgonjwa akae au ainuliwe kichwa na kifua, abaki hivyo nusu saa au saa nzima baada ya kulishwa, chakula kisirudi kikaingia mapafuni. Maji safi yapitishwe katika mpira kabla ya chakula na baadaye, usizibe. Uji wa mahindi na soya, maziwa, karanga zilizosagwa laini, vyote vyafaa mganga akiruhusu, lakini vichujwe vizuri. Mpira ulio katika utumbo hulishwa polepole sana. Wa puani uhakikishwe mahali pake kila mara kabla ya kulisha, kama mlivyofundishwa. Mgonjwa akikohoa au kukosa pumzi, acheni mara moja. Ngozi ya tundu ioshwe na kukaushwa. Meno yapigwe mswaki hata kama kinywa hakili. Na mpira wa tumboni ukitoka, msingoje kesho, wala msiurudishe wenyewe tundu likiwa bado jipya. Tundu laweza kuanza kujifunga kwa saa chache, kimbilieni hospitali.

Wakristu wengine wanauliza kama si kushindana na Mungu. Mwaka 2004 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, akisema juu ya wagonjwa waliopotewa na fahamu, alifundisha kwamba kuwapa maji na chakula, hata kwa njia ya mpira, ni utunzaji wa kawaida unaowapasa. Roma ikathibitisha mwaka 2007. Kanisa halilazimishi pale ambapo mwili haupokei tena chakula, au mpira unaleta mzigo mzito kupita kiasi. Lakini kumwacha mtu afe njaa kwa sababu ya aibu yetu, hilo si kumwachia Mungu. Yezu alipomfufua binti wa Yairo, aliagiza apewe chakula.

Linabaki jambo linalotuuma zaidi. Tunajua nyumba ambamo mgonjwa analishwa peke yake chumbani, nyuma ya pazia, na wengine wanakula uani wakicheka. Wanasema: "Hali na sisi, akae mezani kwa nini?" Mtu haketi na ndugu zake kwa ajili ya tonge tu! Mwulizeni kama anapenda kukaa nanyi. Wengine harufu ya chakula inawatesa, wengine upweke unawatesa kuliko njaa. Mwacheni achague yeye. Na asikose Komunyo: asiyeweza kumeza mkate mtakatifu anaweza kupewa Damu ya Kristu peke yake, hata matone machache. Mwambieni padri mapema.

Basi, siku mganga atakapotaja mpira, msianze kulia. Ulizeni maswali, jifunzeni kazi, tayarisheni nyumba. Mkitaka kuzika kitu, zikeni neno lile: "Amekwisha."